Luena: Fungua kompyuta kabla ya kutuma pesa ya prosesa

Luena, mji wa makaa ya mawe kwenye reli ya Lubumbashi–Kamina, si mahali pa kurudisha kipande dukani kesho yake. Kijana mpenda michezo ya kompyuta akiagiza prosesa isiyoingia kwenye kadi mama yake, dola zimekwenda.

Mfano ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, mashine ya ofisi ambayo leo hununuliwa ikiwa imekwisha tumika. Ikiwa ndani mna Core i3-3220, yenye kori 2, Core i7-3770 yenye kori 4 inakaa palepale: tundu ni lile lile, LGA1155. Lakini Core i7-4770 ya mwaka 2013 haiingii, kwani Intel ilibadilisha tundu. Majina yanakaribiana mno, na hapo ndipo mtu hunaswa.

Kuna pia umeme. Ile i3 imepimwa kwa wati 55, i7 kwa wati 77. Anayechezea kwenye sola au jenereta atauona utofauti. Na asiye na kadi ya picha angeanza na hiyo, maana prosesa peke yake haitamfikisha mbali.

Muuzaji wa Lubumbashi aonyeshwe kwanza picha ya kadi mama kwa WhatsApp, namba zake zikisomeka.