Kamba ya sintetiki ya kukwamulia magari

Kamba ya sintetiki ya kukwamulia magari ni kamba ya nyuzi za viwandani inayotumika kulivuta gari lililokwama katika matope, mchanga au mtaro. Hutumiwa zaidi na magari yanayopita nje ya barabara nzuri, kama magari ya utalii na ya utafiti. Katika winchi nyingi imechukua nafasi ya waya wa chuma.

Aina

Kuna aina mbili kuu ambazo hazipaswi kuchanganywa.

Kamba ya winchi hutengenezwa kwa polietilini yenye molekuli ndefu sana. Nyuzi zake huuzwa kwa majina ya kibiashara kama Dyneema na Spectra. Ina nguvu nyingi, hainyumbuki sana na ni nyepesi kiasi cha kuelea majini.

Kamba ya kuvutia kwa mwendo hutengenezwa kwa naironi na huweza kunyumbuka hadi takriban asilimia 30. Hivyo kamba ya mita 9 inaweza kurefuka kwa mita 2.7. Gari linalovuta huanza kwenda, kamba hutunza nishati kama manati, kisha hulitoa polepole gari lililokwama. Kamba ya winchi ikivutwa kwa mshtuko namna hiyo, kani hupanda ghafla na kitu fulani huvunjika.

Hatari

Waya wa chuma ukikatika huchapa kwa nguvu na unaweza kuua. Kamba ya polietilini, kwa kuwa ni nyepesi na hutunza nishati kidogo, haichapi kiasi hicho. Hata hivyo si kweli kwamba haina hatari. Mara nyingi kinachovunjika si kamba bali ndoano au sehemu ya gari ilipofungwa, na chuma hicho huruka kama risasi. Kwa sababu hiyo kamba haifungwi kamwe kwenye kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Watu wameuawa na vichwa hivyo vilipokatika. Kamba hufungwa kwenye ndoano imara zilizoshikizwa kwenye chasisi.

Matumizi salama

- Matope au mchanga huchimbwa kwanza mbele ya magurudumu ili kupunguza kani inayohitajika.
- Watazamaji husimama mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba iliyonyooshwa. Hakuna anayeruka kamba wala kupita juu yake ikiwa imekaza.
- Blanketi zito au mkeka huwekwa juu ya kamba katikati ili kuishusha chini ikikatika.
- Mti hufungwa kwa mkanda mpana. Kamba yenyewe ikizungushwa kwenye shina hukatika kwa msuguano na kuumiza mti.
- Mizunguko kama 10 hubaki kwenye ngoma ya winchi, maana kamba hii huteleza kuliko chuma. Kwa sababu hiyo hiyo haiungwi kwa fundo, bali ncha zake husukwa ndani ya kamba yenyewe.
- Kapi likifungwa kwenye mti, na ncha ya kamba kurudishwa kwenye gari lenye winchi, kani ya kulivuta gari hilo hukaribia kuwa maradufu na mwendo hupungua nusu. Mkanda wa mti nao hubeba mzigo huo maradufu.

Utunzaji

Adui wa kamba hii ni joto, jua, mchanga na kingo kali. Polietilini huyeyuka kwenye nyuzi za sentigredi 145 hivi, na hudhoofika kabla ya hapo. Katika winchi nyingi breki imo ndani ya ngoma, nayo hupata moto gari linapoteremshwa mlimani. Tundu la kuongozea kamba lililokwaruzwa na waya wa zamani hubadilishwa kabla ya kufunga kamba mpya. Baada ya kazi kamba huoshwa kwa maji safi, hukaushwa kivulini na kukaguliwa. Ikiwa nyuzi nyingi zimekatika, au zimeyeyuka na kuwa ngumu, kamba haitumiki tena kuvutia gari.