Mtoto Mwenye Disleksia na Mashindano ya Shule

Tangazo la mashindano linapobandikwa kwenye ubao wa shule, wanafunzi hulizunguka wakisukumana. Wako wanaolisoma kwa sauti, na wako wanaokimbilia kuandikisha majina yao papo hapo. Aghalabu yuko pia mmoja anayesimama nyuma ya wenzake, akingoja mwingine asome ili naye apate kujua tangazo lasemaje. Akisikia kwamba iko fomu ya kujaza, huondoka kimya kimya. Yamkini mtoto huyo ndiye fundi wa mtaa mzima wa magari ya waya, yenye usukani unaogeuza magurudumu, naye anaweza kumweleza mtu mzima jinsi pampu ya kisima inavyovuta maji. Lakini darasani amekwisha kuitwa mvivu, na baya zaidi ni kwamba mwenyewe ameanza kuamini.

Miongoni mwa watoto wa namna hiyo wako wenye disleksia. Disleksia ni tatizo la kudumu la kusoma na kuandika maneno kwa usahihi na kwa wepesi, ambalo humpata mtu mwenye akili timamu, macho mazima na masikio mazima, hata akiwa amefundishwa kama wenzake. Wataalamu wengi hukadiria kwamba watoto kati ya 5 na 10 katika kila 100 wana tatizo hilo kwa kiasi fulani. Maana yake ni kwamba katika darasa la wanafunzi 60 mwalimu anaweza kuwa nao watatu, wanne, au hata sita, bila ya kuwatambua.

Kijana wa Mwaka 1896

Jina la disleksia lilibuniwa na daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, katika mwaka 1887, alipoeleza habari za watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika. Miaka tisa baadaye, tarehe 7 Novemba 1896, daktari wa Uingereza aitwaye William Pringle Morgan alichapisha katika jarida la madaktari wa nchi yake habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, ambaye hakupata kuumia kichwa wala kuugua. Kijana huyo alikuwa mchangamfu, hodari wa michezo, wala hakuwa nyuma ya wenziwe katika jambo lolote isipokuwa kusoma. Alikuwa amefundishwa kwa miaka kadhaa, hata hivyo alipoambiwa aandike jina lake mwenyewe aliandika "Precy", na hakuliona kosa hilo mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja.

Daktari akampa hesabu. Percy alizidisha 749 kwa 867 upesi na bila kosa, hesabu ambayo jibu lake ni 649,383. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa wa kwanza kwa akili katika shule nzima.

Kauli hiyo ya mwalimu inastahili kufikiriwa hata leo. Uwezo wa Percy ulikuwapo, lakini ulifungiwa nyuma ya mlango mmoja tu, mlango wa maandishi. Shule haikuwa na mlango mwingine.

Kiini cha Tatizo

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba disleksia ni ugonjwa wa macho, na kwamba mwenye nayo huona herufi kinyumenyume. Uchunguzi wa miongo ya baadaye umeonyesha kwamba, kwa walio wengi, kiini cha tatizo kimo katika namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha. Msomaji hana budi kulipasua neno katika sauti zake ndogo ndogo, kuifunganisha kila sauti na herufi yake, kisha kuziunga sauti hizo tena kwa kasi, pasipo kufikiri. Kazi hiyo hufanywa hasa na sehemu kadhaa za upande wa kushoto wa ubongo, na kwa mwenye disleksia sehemu hizo hufanya kazi kwa namna iliyo tofauti. Tatizo hili hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu si ajabu kumkuta baba au shangazi ambaye naye alitaabika vivyo hivyo shuleni.

Je, lugha ya Kiswahili humsaidia mtoto huyo? Kwa upande mmoja, ndiyo. Irabu za Kiswahili ni tano tu, na maneno huandikwa karibu kama yanavyotamkwa. Uchunguzi uliofanywa katika lugha zenye tahajia ya namna hiyo, kama vile Kiitalia na Kifini, waonyesha kwamba mtoto mwenye disleksia hatimaye huweza kusoma kwa makosa machache, ila husoma polepole mno. Katika mwaka 2001 wachunguzi walilinganisha wasomaji wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia walisoma vizuri kuliko wengine, lakini dalili iliyoonekana katika ubongo ilikuwa ile ile kwa wote.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina mzigo wake. Neno moja kama "hawakumwambia" lina herufi 13 na silabi sita, na ndani yake mna mtendaji, ukanushi, wakati na mtendewa. Msomaji mzito husoma mwanzo wa neno, akachoka, akabahatisha mwisho, na maana yote ikageuka. Tena herufi b na d zinafanana, hata "dada" ikasomwa "baba". Kosa hilo ni la kawaida kwa kila anayeanza kusoma, na linafaa kutiliwa shaka tu iwapo linaendelea wakati wenzake wamekwisha kuliacha. Baadaye huja Kiingereza, ambacho maandishi yake hayafuati matamshi, na mwanafunzi aliyekuwa akijikongoja katika Kiswahili huweza kuanguka kabisa.

Kwa Nini Ashindane?

Mzazi mwenye huruma anaweza kuuliza kwa nini mtoto anayeshindwa kila siku darasani apelekwe akashindwe tena mbele ya watu. Swali hilo ni la haki. Jibu lake linategemea jambo moja: mashindano yenyewe yanapima nini.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza katika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa zaidi ya yote na kazi ambayo yeye mwenyewe amejaribu na akaifanikisha. Sifa za maneno matupu hazifui dafu. Mtoto anayeambiwa kila siku "una akili" huku madaftari yake yakirudi yamejaa wino mwekundu, huyasadiki madaftari. Anahitaji kushika mkononi ushahidi mwingine, na mashindano yaliyochaguliwa vizuri ni mojawapo ya mahali panapopatikana ushahidi huo.

Mfano mmoja ni wa Jack Horner, aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Shelby, jimbo la Montana, Marekani. Alipata mfupa wake wa kwanza wa dinosaria akiwa na miaka minane, lakini shuleni kusoma kulimshinda na alama zake zilikuwa hafifu. Katika maonyesho ya sayansi ya shule ya sekondari alionyesha kazi aliyoifanya kwa mikono yake juu ya visukuku vya dinosaria, na kazi hiyo ndiyo iliyomwelekeza Chuo Kikuu cha Montana. Huko nako mitihani ilimshinda, akaondoka bila ya shahada. Hata hivyo hakuacha kuchimba. Katika mwaka 1979 yeye na mwenzake Robert Makela walimpa jina dinosaria aitwaye Maiasaura, ambaye makinda yake yalikutwa kiotoni, na hivyo wakatoa ushahidi kwamba baadhi ya dinosaria waliwalea watoto wao. Ni katika utu uzima tu ndipo Horner alipojua kwamba ana disleksia. Chuo kile kile kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari katika mwaka 1986.

Ifahamike kwamba disleksia haiwi kipaji, wala si kila mwenye nayo atakuwa mgunduzi. Funzo la habari hii ni dogo zaidi, na lina manufaa zaidi. Katika mtihani kijana yule alipimwa kwa kile alichokosa, na katika maonyesho alipimwa kwa kile alichokuwa nacho.

Kumchagulia Uwanja

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua uwanja. Mashindano ya imla, au ya kusoma kwa sauti karatasi ambayo mtoto hakuiona kabla, hayamfai mtoto huyu asipoyataka mwenyewe; humtangaza tu kwa ubovu wake. Lakini viwanja vingine ni vingi. Katika maonyesho ya sayansi mwanafunzi husimama kando ya kifaa chake na kuwaeleza waamuzi kwa mdomo. Mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2011, na maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari za Kenya hufuata njia hiyo. Iko pia midahalo, hesabu za kichwa, uchoraji, ngoma na kwaya. Iko michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari.

Ngonjera na mashairi yanastahili kutajwa peke yake. Shairi hukaririwa kwa sikio, na mtoto anaweza kulijua lote kabla ya kuliona kwenye karatasi. Tena anayehesabu mizani huligawa neno katika silabi, na anayetafuta vina husikiliza kwa makini sauti za mwisho. Uchunguzi umeonyesha kwamba mazoezi ya kuzitenga sauti za maneno humsaidia mtoto kusoma, hasa yakiunganishwa na herufi zenyewe. Mwalimu anaweza basi kuliandika ubaoni shairi lile lile ambalo mtoto amekwisha kulihifadhi, akamwonyesha silabi zake moja moja. Hapo mtoto anakutana na maandishi ambayo kwa mara ya kwanza hayamtishi.

Maandalizi yawe ya hatua ndogo ndogo. Kwanza aeleze kazi yake mbele ya mzazi, kisha mbele ya rafiki wawili, kisha mbele ya darasa. Badala ya hotuba iliyoandikwa, apewe kadi zenye michoro au neno moja moja la kumkumbusha. Bango lake liwe na picha nyingi na maandishi machache yenye herufi kubwa. Fomu ya kujiandikisha ajaziwe na mwalimu huku yeye akitaja majibu. Akitaka kuacha asilazimishwe, na wala asishangiliwe kwa kazi iliyofanywa na baba yake usiku. Ushindi wa kuazima haujengi kitu, na mtoto ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Wajibu wa Waamuzi

Sehemu iliyobaki ni ya wale wanaoandaa mashindano. Kila mwamuzi hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kukata alama: kipimo hiki kinapima kile kinachotangazwa? Ikiwa mashindano ni ya sayansi, kosa la tahajia kwenye bango halihusu sayansi. Ikiwa ni chemshabongo ya maarifa, swali linaweza kusomwa kwa sauti kwa washindani wote. Ikiwa lazima kuandika, muda unaweza kuongezwa. Hakuna katika hayo linaloshusha kiwango. Mkimbiaji asiye na viatu akipewa viatu, urefu wa uwanja haupungui.

Gharama ya kutofanya hivyo yaonekana katika habari za Carol Greider wa Marekani, ambaye tangu utotoni alisumbuliwa na tahajia. Alipoomba nafasi ya masomo ya juu, alama zake za mtihani sanifu wa kuingilia zilikuwa chini kwa sababu ya disleksia, na vyuo vingi vilimkataa, ingawa kazi yake ya maabara ilikuwa nzuri. Vyuo viwili tu vilimtaka. Alikwenda katika kimoja, Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na mwaka 2009 alipata Nishani ya Nobeli pamoja na wenzake wawili kwa ugunduzi wa namna ncha za kromosomu zinavyolindwa. Vyuo vile vingine vilikuwa vimepima kasi ya kusoma, vikidhani vimepima akili.

Mashindano na Somo

Hata hivyo mashindano hayawezi kushika nafasi ya ufundishaji. Mtoto aliyeshinda katika maonyesho bado anahitaji kufundishwa kusoma, kwa mpango ulio wazi, sauti baada ya sauti na silabi baada ya silabi, kwa kurudiarudia na kwa subira, kila siku kwa muda mfupi. Kumwacha akimbilie uchoraji na michezo ili asisome tena ni kumfungia mlango ule ule kwa upande wa pili. Tofauti ni kwamba mtoto aliyekwisha kuona mara moja kwamba juhudi zake zinazaa matunda huketi mbele ya kitabu akiwa na sababu ya kuvumilia.

Na yote hayo huweza kuanza kwa jambo dogo lisilohitaji fedha wala mtaalamu. Siku ya kutangaza mashindano, mwalimu asibandike karatasi tu ubaoni. Alisome tangazo kwa sauti mbele ya shule nzima, tena mara mbili, kisha aseme kwamba anayetaka kujiandikisha anaweza kuja kumwambia kwa mdomo. Huenda yule aliyezoea kusimama nyuma ya wenzake akawa wa kwanza kufika.