Mbao za Msaji: Jua Unachonunua

Wakazi wengi wanaojenga nyumba au kuagiza samani huambiwa kuwa mbao wanazouziwa ni za "tiki". Jina hilo ni la msaji, mti wenye asili ya India, Myanmar, Thailand na Laos, ambao hupandwa pia Pwani ya Afrika Mashariki. Mvule, mti wa kwetu, nao huitwa "tiki ya Afrika". Mbao zake ni nzuri, lakini ni mti tofauti. Mnunuzi ana haki ya kujua analipia upi.

Kwa nini msaji hudumu

Kiini cha mti huu, sehemu ya ndani yenye rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, kina mafuta ya asili yanayozuia mchwa na kuoza. Mbao zikikaushwa vizuri hazipindi wala kupasuka kwa urahisi.

Matumizi yake

Msaji hufaa kwa milango, madirisha, sakafu, vitanda, meza na viti vya nje. Wajenzi wa majahazi ya Bahari Hindi waliutumia kwa karne nyingi. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, milango ya nakshi ilichongwa kwa msaji, mvule na mbambakofi.

Kabla ya kulipa

• Kagua rangi. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina kinga ya kiini, na mchwa huila. Miti iliyokatwa ikiwa michanga huwa na weupe mwingi. Usikubali weupe kwenye fremu ya mlango.
• Gusa na unuse. Kiini cha msaji huteleza kidogo kama kilichopakwa mafuta, na hunuka kama ngozi.
• Hakikisha mbao zimekauka.
• Mkumbushe seremala kufuta mafuta kwa thina kabla ya kupaka gundi, la sivyo viungo vitaachia.

Samani za nje zikigeuka rangi ya kijivu, hiyo si dalili ya kuoza. Msasa huirudisha rangi yake.

Kwa wakulima

Msaji hautaki shamba linalotuama maji, na huhitaji miaka 20 au zaidi kutoa mbao za maana. Kabla ya kukata au kusafirisha mbao, wakulima wanashauriwa kuulizia vibali katika ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) iliyo karibu.