Mtoto Anapozaliwa na Moyo Kulia

Kwa kawaida moyo wa binadamu huelekea kushoto, ini hukaa kulia, na tumbo la chakula pamoja na bandama hukaa kushoto. Mpangilio huu huwekwa katika wiki za mwanzo za mimba, pengine kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Mara chache sana hutoka tofauti, na hapo zipo hali mbili ambazo watu huzichanganya.

Hali ya kwanza ni viungo vyote kugeuka, kama sura ionekanavyo katika kioo. Wengi wa watu hawa huishi maisha ya kawaida, na hujulikana tu siku wanapopigwa eksirei. Anayejijua yuko hivyo amweleze kila daktari anayemtibu. Kidole tumbo chake kiko kushoto, hivyo kikiugua maumivu yaweza kudhaniwa ni maradhi mengine.

Hali ya pili ni viungo kuchanganyika, baadhi vikiwa mahali pake na vingine sipo. Madaktari huiita heterotaksi. Hii ndiyo ya hatari. Mara nyingi moyo huwa na matundu, au mishipa yake mikubwa imeunganika vibaya. Utumbo waweza kujisokota. Bandama yaweza kukosekana kabisa, au kuwa vipande vingi visivyofanya kazi ipasavyo.

Bandama huchuja damu na kuondoa vijidudu, vikiwemo vya nimonia na malaria. Kwa hiyo kwa sisi wa Mpanda na Katavi yote, ambako malaria bado inasumbua, mtoto asiye na bandama akipata homa asisubirishwe hadi kesho. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Alale ndani ya chandarua, akamilishe chanjo zote ikiwemo ya nimonia, na apewe dawa za kinga daktari atakazoagiza.

Dalili za kuangalia kwa mtoto mchanga ni hizi:

- Midomo au ulimi kuwa wa bluu.
- Kuhema haraka, kutoka jasho na kuchoka anaponyonya.
- Kutoongezeka uzito.
- Kutapika matapishi ya kijani. Hii ni dharura.

Anza kituo cha afya kilicho karibu, nacho kitampa rufaa. Kipimo cha moyo cha ultrasaundi huonyesha tatizo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, hupasua mioyo ya watoto. Safari ni ndefu, lakini kuchelewa kwaweza kufunga mlango wa matibabu.

Mwisho, hali hii si uchawi, wala mama asilaumiwe kuwa alikula au alitazama kitu fulani. Hata hivyo, mwanamke mwenye kisukari yuko katika hatari zaidi ya kupata mtoto wa aina hii, hivyo aidhibiti sukari yake kabla ya kushika mimba. Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya njema. Amin.