Nyandarua: Si Kila Njia Iwe Barabara

Atokaye Nyeri kwenda Naivasha kwa kuikata milima ya Nyandarua hana budi kuisahau saa yake. Akishaliacha lango la Kiandongoro, gari hupanda katika msitu wa miti mikubwa, halafu mianzi iliyosongamana hata jua halipenyi, na ghafla mianzi yenyewe hukoma. Hapo msafiri hujikuta kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, penye mafundo ya nyasi, lobelia zinazompita mtu kimo, na ukungu usiopiga hodi. Kando yake maji ya Karuru huanguka mita 273 kwa ngazi tatu. Baada ya lango la Mutubio, njia huteremkia kwenye viazi na kabichi za Kinangop. Ni njia ya mawe na vumbi. Mvua ikinyesha ni tope tupu.

Milima hii Joseph Thomson aliibandika jina la Lord Aberdare katika safari yake ya 1883 na 1884, ilhali wenyeji walikuwa na jina lao. Kwa kazi yangu, nalipendelea lililotangulia.

Sasa upo mpango wa barabara ya lami ya kilomita 52 kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru, ipite katika milima hiyo hiyo. Januari 2024 mamlaka ya mazingira iliutolea leseni yenye masharti, na wapinzani wakaenda mahakamani. Ihithe, tukumbuke, ndiko alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940.

Neno "barabara" lina tabia ya ajabu. Mkazo ukikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia pana. Ukirudi nyuma silabi moja, ni kusema kwamba jambo limekaa sawasawa. Wanasiasa wetu huzichanganya maana hizo mbili, na kila lami kwao huwa ni jambo lililokaa sawasawa.

Simdharau mkulima wa Kinangop. Viazi vyake huoza vikingoja lori, na akitaka kufika Nyeri huizunguka milima mpaka Nyahururu. Lakini huku juu ndiko yanakotoka maji ya mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, yanayoinywesha Nairobi. Ndovu huvuka hapa baina ya msitu na uwanda, na bongo, paa adimu mno, amejificha katika mianzi. Ua wa umeme wa kilomita zipatazo 400, uliokamilika mwaka 2009, ulijengwa kuutenga msitu na mashamba. Ni ajabu kuzungushia nyumba ua, kisha kupitisha njia kuu ukumbini.

Fedha hizo na zianzie kwenye vijia vya Kinangop, ambako trekta huitwa kulikwamua gari la maziwa, kisha ziitengeneze ile njia ya kuzunguka Nyahururu. Huku juu yabaki mawe, na malango yafungwe jioni.