Je, Wajua? Mashine ya Makohozi Inasoma Pia Kansa ya Matiti

Ukimtajia GeneXpert mtu wa labo hapa Lubumbashi, jambo la kwanza atakalowaza ni makohozi. Huu ni mji wa machimbo, na kifua kikuu hakijawahi kuwa mgeni kwa wachimbaji. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine hiyo kupima TB mwaka 2010. Baadaye ikapima virusi vya UKIMWI, na wakati wa Ebola ya Kivu, 2018 hadi 2020, ikapelekwa huko pia. Wasichojua wengi ni kwamba inasoma hata jeni za kansa ya matiti.

Karibu kila chembe ya mwili hubeba jeni zote, ila haizitumii zote. Jeni inayotumika hunakiliwa kuwa RNA. Ukipima wingi wa nakala hizo, unajua uvimbe unategemea nini ili ukue. Mwaka 2002 watafiti wa Amsterdam walitangaza orodha ya jeni 70 za namna hiyo. Wamarekani wana kipimo cha jeni 21, na utafiti wa 2018 wenye wanawake zaidi ya 10,000 ulionyesha kwamba wengi wenye kansa inayotegemea homoni, ambayo haijafika kwenye tezi za kwapa, wanaweza kuepushwa kemotherapia. Habari njema, lakini kipimo chenyewe ni maelfu ya dola, na sampuli husafirishwa hadi California!

Katriji ya GeneXpert, yaani kisanduku cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine, haina makuu: kwa kansa ya matiti inasoma jeni nne tu. ESR1 na PGR ni za homoni, ERBB2 ni ya HER2, protini inayoweza kuchochea uvimbe kukua, MKI67 inaonyesha kasi ya chembe kugawanyika. Kinyama cha uvimbe kilichogandishwa ndani ya nta hukatwa kipande chembamba kuliko unywele, kikatiwa dawa ya kuyeyusha protini na kupashwa moto nyuzi 80 kwa nusu saa. Huongezwa alkoholi, maji hayo yakamiminwa kwenye katriji, basi. Jibu hutoka kabla ya saa mbili kwisha.

Jirani zetu wa Rwanda wameijaribu kwa vinyama vya hospitali ya Butaro, yenye kituo cha kansa tangu 2012. Majibu yalilingana kwa kiasi kikubwa na yale ya kupaka rangi kwenye vioo, njia inayohitaji daktari wa patholojia, na madaktari hao ni wa kutafuta kwa tochi.

Kwa mama wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, ESR1 ikiwa juu maana yake ni tamoxifen, kidonge cha zamani na cha bei nafuu. Ikiwa chini, kidonge hicho hakitamsaidia.

Naona hatari kubwa zaidi iko kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kabla hakijatiwa kwenye nta, kuliko kwenye mashine. RNA huoza upesi. Kinyama cha titi kinatakiwa kulowekwa humo kwa muda wa saa 6 hadi 72. Kikisahauliwa tangu Ijumaa hadi Jumanne, muda umeshapita. Hata hivyo mashine haibahatishi. Ina jeni ya tano ya kujikagua, CYFIP1, na isipoiona ya kutosha hukataa kujibu, ikabidi kikatwe kipande kingine.