Elfu tano ya kijani inafuta nini hasa?

AFCON 2027 imepangiwa Kenya, Tanzania na Uganda, na wadau wa chuo wameshaanza kuchora safari. Moja ya mapendekezo yanayozunguka kwenye magrupu ni basi la kwenda Nairobi kuona mechi. Chini kabisa ya mchanganuo wa gharama, baada ya nauli, chakula na fulana, kuna mstari unaosema: mchango wa kijani, 5,000/= kwa kila abiria, ili safari isiwe na hewa ukaa. Maelezo ni mawili tu: "tutapanda miti".

Elfu tano kwa mwanachuo anayesubiri bumu si hela ya kutupa. Kwa hiyo ni halali kuuliza inanunua nini.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaochangisha hawaifanyi. Dar mpaka Nairobi kwa barabara ni kilomita 900 hivi. Tuseme basi linakunywa lita 35 za dizeli kwa kila kilomita 100. Kwenda na kurudi ni lita 630. Kila lita ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. (Ndiyo, lita yenyewe haifiki kilo moja. Uzito unaoongezeka ni oksijeni ambayo kaboni inaivuta kutoka hewani. Watu wa kemia watuthibitishie.) Jumla ni tani 1.7. Gawanya kwa abiria 50, kila mmoja anabeba kilo 34.

Sasa linganisha na mtu anayepanda ndege London kuja Zanzibar kwenye tamasha la Sauti za Busara, Februari. Kwenda na kurudi ni kilomita 15,000 hivi, na hata akikaa daraja la kawaida, sehemu yake ni tani moja au zaidi, bila kuhesabu joto linaloongezwa na mistari ya mawingu ambayo ndege huacha angani. Huyo mmoja ni sawa na abiria kama 30 wa basi letu. Kwa hiyo yeyote anayetaka kusafisha safari za matamasha na mechi aanze na wanaokuja kwa ndege. Abiria wa basi lililojaa ni wa mwisho kwenye foleni ya kudaiwa.

Lakini wa mwisho bado yumo kwenye foleni, na kilo 34 si sifuri. Hapo ndipo kinapoingia kile kinachoitwa kufidia. Wazo lenyewe ni jepesi: wewe umetoa tani moja hapa, unamlipa mtu mwingine mahali pengine azuie tani moja isitoke, au aiondoe hewani. Tani hiyo inapimwa, inakaguliwa, inapewa namba kwenye daftari la wazi la taasisi kama Verra, Gold Standard au Plan Vivo, na inauzwa. Inaitwa krediti. Ukiinunua ili kufidia, lazima ifutwe kwenye daftari kwa jina lako, isije ikauzwa tena kwa mwingine.

Ugumu wote umejificha kwenye swali moja: bila hela yako, ingetokea nini? Kama msitu ungebaki umesimama hata usingelipa, umenunua karatasi. Tatizo ni kwamba "bila hela yako" ni dunia ambayo haipo. Hakuna anayeweza kwenda kuipima. Inakadiriwa, na anayekadiria mara nyingi ndiye anayeuza.

Ndiyo maana watu wamepigwa sana kwenye biashara hii, na si watu wadogo. Bendi ya Coldplay ilitaka kufidia albamu yake ya 2002 kwa kugharamia miembe 10,000 kusini mwa India. Miaka michache baadaye waandishi wa habari walienda kuitafuta, wakakuta mingi imekufa kwa kukosa maji. FIFA nao walitangaza kwamba Kombe la Dunia la Qatar 2022 halitakuwa na mzigo wa kaboni, ingawa wao wenyewe walikadiria tani milioni 3.6, zaidi ya nusu yake zikitokana na safari. Malalamiko yalipelekwa kutoka nchi tano za Ulaya, na Juni 2023 tume ya Uswisi inayosimamia uadilifu wa matangazo ikaamua kwamba dai hilo halikuthibitishwa na lilipotosha watu.

Januari hiyohiyo ya 2023, gazeti la The Guardian na wenzake walichapisha uchunguzi uliosema zaidi ya asilimia 90 ya krediti za misitu ya mvua walizozichambua, zilizothibitishwa na Verra, huenda hazikuwakilisha upungufu wowote wa kweli. Verra walipinga mbinu ya uchunguzi huo. Hata ukiwapa Verra nusu ya hoja, kinachobaki hakipendezi.

Mfano ulio karibu zaidi na jikoni kwetu ni majiko sanifu. Mradi unagawa majiko, kisha unauza krediti kwa mkaa na kuni ambazo "hazikuchomwa". Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwanzoni mwa 2024 kwamba krediti za miradi waliyoichunguza zilizidi hali halisi kwa takriban mara tisa. Ukiwahi kuishi na mama anayepika maharage, hushangai. Jiko jipya linachemsha chai, lakini la mkaa halijatupwa, lipo palepale nyuma ya mlango. Karatasi za mradi zinaandika kwamba limestaafu.

Kuna na suala la ardhi, ambalo sisi wa pande hizi hatuwezi kulipita. Msitu au malisho yanayouzwa kama kaboni yana watu ndani yake. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo, Kenya, iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii ziliundwa kinyume cha Katiba, wananchi wakilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Moja yao, Biliqo Bulesa, ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya nyanda za malisho. Mnunuzi wa Ulaya aliona krediti, mfugaji aliona anaambiwa ng'ombe walishwe wapi na lini.

Je, yote ni utapeli? Hapana, na anayesema hivyo hajafika Gazi. Pale Kwale, pwani ya Kenya, vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza krediti mwaka 2013 chini ya Plan Vivo. Unauza takriban tani 3,000 tu kwa mwaka. Mikoko hushika kaboni nyingi kwenye tope, na ukiikata hiyo kaboni inaanza kutoka. Tishio la kukatwa lilikuwepo kweli, kwa mbao za kujengea na kuni. Wanakijiji wenyewe ndio wanaoamua hela iende wapi, na imekwenda kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Udogo wake naupenda. Mtu anaweza kutembea akaukagua wote.

Hapa Tanzania tunao wenzao. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanauza kaboni kwa kulinda misitu yao isigeuzwe mashamba, na vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinafanya hivyo kwenye misitu ya Ntakata. Tangu 2022 tuna kanuni za biashara ya kaboni, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo SUA, Morogoro. Yaani swali letu linaweza kujibiwa na chuo jirani.

Turudi kwenye basi. Elfu tano mara 50 ni 250,000/=, karibu dola 100. Kwa tani 1.7, hiyo ni kama dola 60 kwa tani. Bei za krediti sokoni zinaanzia dola chache hadi mamia ya dola, kwa hiyo kwa kiasi hicho unaweza kupata krediti ya heshima kabisa, na chenji ikabaki. Tatizo la pendekezo si bei. Ni hiyo "tutapanda miti". Mche unaopandwa leo hauna kaboni ya maana ndani yake; utahitaji miaka mingi kufuta dizeli iliyoungua kwa siku mbili. Na nani ataumwagilia likizo ndefu ikianza Julai, kiangazi kikiwa kimekaza, hosteli zikiwa tupu? Miembe ya Coldplay angalau ilikuwa na bajeti. Tukitaka kivuli nje ya maktaba, tupande miti na tuseme ni kivuli.

Kamati ya safari ingeweza kufanya hivi. Kwanza basi lijae. Viti 20 vitupu vinapandisha mzigo wa kila abiria kutoka kilo 34 hadi karibu 57, na hakuna mche unaoziba hapo. Kwa safari za ndani, kama mechi au mahafali Morogoro na Dodoma, SGR ya umeme ipo tangu 2024. Umeme wetu una gesi pamoja na maji, kwa hiyo si sifuri, lakini kila abiria anapunguziwa dizeli. Kisha, kama bado tunataka kuchangia, mchango uwe wa hiari, elfu mbili inatosha, uende kwenye mradi wenye jina, na namba za krediti zilizofutwa zibandikwe kwenye grupu ili yeyote aingie kwenye daftari na kuziangalia. Fulana nazo zisiandikwe kwamba safari haina hewa ukaa. Dizeli tumeichoma. Ziandikwe tumechangia mikoko ya Gazi, tani mbili, na mwaka.

Mweka hazina akiulizwa namba hizo na akaanza kuzungumzia miche, elfu tano yako ibaki mfukoni.